Cheti cha kwanza cha mitandao ya kompyuta: Network+, CCNA au MTCNA kwa sisi tulio Mtwara na Lindi?

KijanaWaShangani (Mtwara Mjini)

Ndugu zangu, salaam. Nilimaliza stashahada ya teknolojia ya habari miaka miwili iliyopita, na tangu hapo ninafanya kazi chini ya fundi mmoja hapa mjini. Kazi zetu kubwa ni kuvuta kebo, kufunga Wi-Fi katika nyumba za kulala wageni na kurekebisha mitandao ya ofisi ndogo. Mikono imeizoea kazi, lakini karibu kila tangazo la ajira ninalolisoma linataka cheti cha kimataifa juu ya kile cha chuo. Msimu huu wa korosho familia imeniongezea kidogo katika akiba yangu, kwa hiyo ninaweza kulipia mtihani mmoja tu. Nikifeli, itabidi nisubiri msimu ujao.

Nimelinganisha kadiri nilivyoweza. CCNA ya Cisco, kampuni kubwa ya vifaa vya mitandao, mtihani namba 200-301, hugharimu dola 300, ambazo kwetu ni zaidi ya laki saba, na hufanyika kwa dakika 120. Network+ ya CompTIA, watoaji wa vyeti visivyofungamana na vifaa vya kampuni moja, toleo la N10-009 lililotoka Juni 2024, lina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, alama ya kufaulu ni 720 katika kipimo cha 100 hadi 900, na ada yake inazidi ya CCNA. MTCNA ya MikroTik, kampuni nyingine ya vifaa vya mitandao, ina mtihani mfupi wa maswali 25 kwa saa moja, ila ni lazima kwanza uhudhurie darasa la mkufunzi anayetambuliwa na kampuni hiyo. Vyote vitatu hudumu miaka 3. Ipo pia CCST ya Cisco, upande wa mitandao, yenye ada ya dola 125 na dakika 50, lakini sijui kama waajiri wetu wameshaizoea. Ninaomba ushauri wa waliotangulia.

FundiMasasi (Masasi)

Mdogo wangu, mimi nitasema ninachokiona kazini. Toka Masasi hadi Newala na Tandahimba, katika shule, maduka na ofisi za vyama vya msingi ninazohudumia, vifaa ninavyokutana navyo sana ni vya MikroTik, kwa sababu bei yake inafikika na kifaa kimoja kidogo kinaweza kuwa ruta, kinga ya mtandao na msimamizi wa kasi ya kila mteja. Ukisoma MTCNA, unachojifunza Jumatatu unakitumia Jumanne. Kujizoeza pia si gharama: RouterOS, programu inayoendesha vifaa vya MikroTik, ina toleo la bure la kuendeshwa ndani ya kompyuta, ambalo kasi yake imewekewa kikomo cha megabiti 1 kwa sekunde kwa kila kiunganishi, nayo inatosha kabisa kwa mazoezi.

Udhaifu wake siufichi. Darasa lenyewe ni lazima ulifuate linakofanyika, na kwa mtu wa kusini hiyo ina maana ya nauli, malazi na siku kadhaa bila kipato. Pia, ukiomba kazi benki au katika shirika kubwa, anayechambua barua huenda hajui MTCNA ni nini. Lakini kama nia yako ni kujitegemea hapa hapa, mimi ningeanzia huko.

BintiMikindani (Mtwara)

Kaka Fundi, ninakuheshimu, lakini hoja yako inamfaa mtu ambaye tayari anajua kwa nini mtandao unafanya unavyofanya. Mimi nilifanya Network+, na faida yake kubwa ilikuwa utaratibu wa kutafuta hitilafu. Mtaala wake una hatua 7: unalitambua tatizo, unakisia chanzo, unapima kisio lako, unapanga suluhisho, unalitekeleza, unahakikisha kila kitu kinafanya kazi, kisha unaandika ulichokiona. Maneno haya yanaonekana mepesi mpaka siku ukiwa mbele ya mteja mwenye hasira.

Nitatoa mfano. Nyumba moja ya wageni ililalamika kwamba kila Ijumaa usiku simu zinaunganishwa na Wi-Fi lakini intaneti haipatikani. Fundi aliyetangulia alikuwa ameshabadilisha ruta na kuongeza bando, na tatizo likabaki pale pale. Nilipotazama anwani ya simu moja nikakuta inaanza na 169.254, ambayo ni anwani ambayo kifaa hujipa chenyewe kinapokosa kupewa na DHCP, yaani huduma ya ruta inayogawia vifaa anwani. Anwani zilikuwa zimekwisha, kwa sababu kila mgeni aliyepita aliachiwa anwani yake kwa saa 24 hata kama alishaondoka asubuhi. Tulipunguza muda huo hadi saa 2, na malalamiko yakaisha bila kununua chochote.

Jambo la pili ni mahali pa kufanyia mtihani, na hili sisi wa kusini tusilichukulie kwa wepesi. Mitihani ya CCNA na Network+ yote husimamiwa na kampuni ya mitihani ya Pearson VUE, ama kituoni ama nyumbani kwa kamera. Mimi nilichagua nyumbani. Umeme ukakatika katikati ya mtihani, kikao kikafungwa, na ilinichukua wiki kadhaa za barua pepe kabla ya kuruhusiwa kuurudia. Wala safari ya kituoni Dar es Salaam, ambayo ni zaidi ya kilomita 500, haina uhakika kila mwezi. Mnakumbuka Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilivyoikata barabara upande wa Kilwa, na tarehe 12 ya mwezi huo huo hitilafu ya nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom ikaidhoofisha intaneti ya nchi nzima. Aliyekuwa na mtihani siku zile hakuwa na njia, si ya gari wala ya waya. Panga tarehe nje ya masika, na ukienda kituoni, fika siku moja kabla.

MwalimuNachingwea (Lindi)

Kijana wangu, wote wawili wamekueleza ukweli, lakini swali lako ni la mtu mwenye risasi moja tu, kwa hiyo ninakushauri uielekeze kwenye CCNA. CompTIA wenyewe huishauri Network+ kwa mtu mwenye uzoefu wa miezi 9 hadi 12, na wewe una miaka miwili ya kuvuta kebo; sehemu kubwa ya kilichomo unaishi nayo, hata kama hujui majina yake. CCNA itakupeleka mahali ambapo hujafika. Robo ya mtihani ni jinsi pakiti, yaani vifurushi vya data, zinavyopata njia kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, ikiwemo itifaki ya OSPF, ambayo ruta huitumia kuambizana njia. Asilimia 20 ni misingi, nyingine 20 ni swichi, VLAN (kuigawa swichi moja kuwa mitandao kadhaa) na Wi-Fi, 15 ni usalama, na zinazobaki zinagawanywa sawa kati ya huduma kama DHCP na NAT (vifaa vingi kutumia anwani moja ya intaneti) na uendeshaji wa mitandao kwa programu. Anayeelewa OSPF kwenye Cisco ataiwasha kwenye MikroTik kwa kusoma amri mpya tu. CCST isikushawishi kwa bei yake, kwani inampima anayeanza kabisa, nawe umeshapita hapo.

Utajizoeza kwa Packet Tracer, programu ya bure ya Cisco Networking Academy inayoiga ruta na swichi ndani ya kompyuta mpakato, bila kuhitaji bando kila unapofanya zoezi.

Ninaowafundisha wengi huanguka kwenye sabneti, yaani kuugawa mtandao mmoja katika vipande vidogo, kwa hiyo anzia hapo. Chukua nyumba ya wageni yenye mapokezi, ofisi, kamera na wageni, nawe umepewa 192.168.10.0/24, yaani anwani 256; namba ya baada ya mkwaju inaonyesha ukubwa wa mtandao, na ikiongezeka mtandao unapungua. Ukiigawa kwa /26 unapata sabneti 4 zenye anwani 64 kila moja, na kati ya hizo 62 ndizo unazoweza kuvipa vifaa, kwa sababu ya kwanza inautambulisha mtandao wenyewe na ya mwisho ni ya kuvitangazia vifaa vyote kwa pamoja. Maski yake, yaani hiyo /26 ikiandikwa kwa namna nyingine, ni 255.255.255.192; toa 192 katika 256, unabaki na 64, na hiyo ndiyo hatua unayoruka: 0, 64, 128, 192. Ukiulizwa 192.168.10.77 ni ya mtandao upi, unaona kwamba 77 imeipita 64 na haijaifikia 128, basi mtandao wake ni .64, anwani ya kutangazia ni .127, na vifaa vinakaa kati ya .65 na .126. Fanya maswali 20 ya namna hii kila siku kabla ya kulala, mpaka usihitaji kalamu.

Na tafadhali, usinunue maswali yaliyovuja. Cheti kinaweza kufutwa, na hata kisipofutwa, mteja wa kwanza atakugundua.

KijanaWaShangani

Shikamoo mwalimu, na asante dada na kaka. Nina swali moja la hofu. Je, nikikwama kwenye swali la CCNA ninaweza kuliruka na kulirudia baadaye?

BintiMikindani

Hapana. Kwenye Network+ unaweza kuliwekea alama swali na kulirudia, lakini kwenye CCNA ukishabonyeza kuendelea huwezi kurudi nyuma, na ndiyo maana kasi ya sabneti anayoisisitiza mwalimu ina uzito. Ukifeli CCNA unasubiri siku 5 na kulipa ada nzima upya. Baada ya kusoma hali yako, ninakubaliana na mwalimu kuhusu CCNA; utaratibu ule wa hatua 7 jifunze bila kuulipia mtihani.

FundiMasasi

Mimi bado nasema usiiache MikroTik. Nina hAP moja kuukuu, ruta ndogo ya MikroTik, hapa dukani isiyo na kazi. Nitaituma kwa basi la Mtwara, nawe utanirudishia ukimaliza mtihani.

MwalimuNachingwea

Marahaba kijana. Kabla hujalipa hata senti, nijibu hili: 172.16.5.200/27 ni ya mtandao upi, anwani ya kutangazia ni ipi, na vifaa vingapi vinaingia? Uandike pia muda uliotumia.

KijanaWaShangani

Kaka Fundi, nimeguswa sana. Nitakutumia jina la wakala wa basi kwa ujumbe wa faragha. Mwalimu, maski yake ni 255.255.255.224, kwa hiyo hatua ni 32, na 200 iko kati ya 192 na 224. Mtandao ni 172.16.5.192, anwani ya kutangazia ni 172.16.5.223, na vifaa ni 30. Nimetumia dakika 4 na karatasi.

MwalimuNachingwea

Majibu yote ni sahihi, ila muda bado. Siku utakapolijibu kwa nusu dakika bila karatasi, ndipo uweke tarehe ya mtihani. Kesho nitakuwekea mengine 20.