Lengelenge la damu kwenye kaakaa wakati wa kula

Muulizaji, Kisauni:
Assalamu alaikum. Hii ni mara ya nne tangu Shaaban kutokewa na lengelenge kinywani nikiwa katikati ya kula. Juzi, pale Mama Ngina, ufukweni Mombasa, nilikuwa nakula mihogo ya kukaanga, ile mikavu ya vipande vyembamba yenye pilipili na ndimu, nikahisi mchomo karibu na kilimi; nilipojitazama kwa kamera ya simu nikaona uvimbe mweusi mfano wa zabibu kavu, ambao ulipasuka kabla sijafika nyumbani, mate yakawa na damu. Jirani asema ni joto la tumbo. Chanzo chaweza kuwa nini?

Daktari wa meno:
Wa alaikumu salamu, dada. Joto la tumbo tuliweke kando. Vidonda vya kawaida vya kinywa, ambavyo pengine huchochewa na upungufu wa madini ya chuma au vitamini B12, havianzi kwa lengelenge la damu. Lengelenge linalojaa damu ghafla mtu anapotafuna kitu kikavu au cha moto, likapasuka muda mfupi baadaye, mara nyingi hutokana na mishipa midogo iliyojeruhiwa chini ya utando laini wa kaakaa, na hupona kwa takriban wiki moja bila kovu. Hata hivyo, pima damu ili chembe za kugandisha zihesabiwe, hasa ikiwa ufizi hutoka damu au una madoa mekundu mwilini. Je, watumia dawa ya pumu ya kuvuta?

Msomaji, Likoni:
Mama yangu yalimtoka ya maji, si ya damu, na vidonda vilivyobaki havikufunga. Tulilaumu achari, tukalaumu ukwaju, miezi ikapita, mpaka kipande cha nyama ya shavuni kilipopimwa ikabainika ni pemfigasi, maradhi ambayo kinga ya mwili hushambulia ngozi na utando wa kinywa. Kidonda kikizidi wiki mbili, usingoje.

Muulizaji:
Vyangu hufunga, alhamdulillahi. Dawa ya pumu naivuta asubuhi na jioni.

Daktari wa meno:
Zile zenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, zimehusishwa na malengelenge haya. Usiiache, sukutua kwa maji na uteme kila umalizapo kuvuta, na umweleze daktari aliyekuandikia. Lengelenge likiwa kubwa huko nyuma ya kinywa na likakataa kupasuka, nenda hospitali mara moja, kwa kuwa laweza kuziba njia ya hewa.