Mwanafunzi kaniuliza swali la makundi ya damu, nimekwama. Naombeni ushauri

Mwalimu wa Zamu:
Habari zenu wakuu. Nafundisha Baiolojia kidato cha nne, shule ya kata. Tuko kwenye jenetiki. Njegere za Mendel ziliwapita watoto juu juu, nikaamua kuwaletea kitu cha nyumbani: kila mmoja aje na kundi lake la damu na la wazazi wake, tuchore ubaoni mraba wa Punnett, lile jedwali la kupanga jeni za baba na mama, kwa familia halisi. Darasa lilichangamka sijapata kuona.

Binti mmoja akaja na yake: baba AB, mama O, yeye O. Akachora mwenyewe, zikatoka A na B tu. Akanigeukia: "Mwalimu, mbona mimi simo?"

Tangu siku hiyo ananifuata ofisini. Nimwambie nini? Mtihani wa taifa ni Novemba, sitaki avurugike.

Kipanga:
Mwambie ukweli. Mwenye AB hana O ya kumpa mtoto, kwisha habari.

Mama Wawili:
Walimu wa siku hizi mnatafuta nini kwenye ndoa za watu? Sisi tulisomeshwa kwa njegere ndefu na fupi na tukafaulu. Kitanda hakizai haramu, mwacheni mtoto wa watu asome.

Mzee wa Nyanda:
Mimi nitasema langu. Mdogo wangu alizaliwa na ualbino, na baba alimrudisha mama kwao. Ndugu walishasema yao yote, mnayajua. Aliyemrudisha mama nyumbani ni mwalimu wa Baiolojia wa kaka yangu. Alikuja jioni, akakaa na baba kwenye mkeka, akamweleza kwamba jeni hiyo hujificha kwa watu weusi kabisa, na mtoto hatoki hivyo mpaka aipokee kwa baba NA kwa mama. Baba aliuliza mara tatu, "Hata kwangu?" Kwa hiyo msiseme somo hili linavunja nyumba tu.

Dada wa Maabara:
Mwalimu, umeruka mambo mawili. Hiyo AB ya baba ilipimwa wapi? Na pale darasani ulimjibu nini?

Mwalimu wa Zamu:
Nilimjibu inawezekana. Nikasema AB na O huzaa O mara chache, nikafuta ubao. Baba alipimwa kwenye banda la maonyesho, ana kikadi. Mtoto nilimpima mwenyewe baada ya vipindi. Dawa niliazima zahanati: tone la bluu la kutambua A, tone la njano la kutambua B, nikachanganya damu kwenye kigae cheupe nikakitikisa. Haikushikana popote. Ni O.

Dada wa Maabara:
Ulimtoboa kidole mwanafunzi kwa ruhusa ya nani? Mwalimu wa darasa zima hafiki huko kwa swali la mtoto mmoja. Sema yote.

Mwalimu wa Zamu:
Sawa. Ni mtoto wa dada yangu, anakaa kwangu. Shemeji ndiye aliyenilipia ada ya chuo. Dada nimempigia, akakata simu, hadi leo hapokei. Mlitaka niandike nini ubaoni mbele ya watoto wote? Na hiyo "mara chache" sikuitunga. Kuna damu ya Bombay, ilielezwa mwaka 1952.

Mama Wawili:
Kumbe! Ndiyo maana dada kakata simu.

Kipanga:
Wote watatu waende kwa Mkemia Mkuu, vinasaba vitasema.

Wakili Msomi:
Haiendi hivyo. Kuna sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Maombi yanapitia njia zake: mahakama, wakili, ustawi wa jamii. Mjomba hajiendei tu na mate ya watu kwenye kichupa.

Dada wa Maabara:
Bombay ipo, ndiyo. Mtu ana jeni ya A au B lakini hana kile kiini cha H cha kuijengea, basi kipimo kinamsoma O. Lakini ni nadra mno, na darasa lako likiandika hivyo Novemba watakosa wote. Umewapotosha watoto wa watu ili kumlinda mmoja.

Halafu unaiamini sana kadi ya bandani. Kigae kinasomwa ndani ya dakika mbili. Foleni ikiwa ndefu, damu inakauka pembeni, inafanya chembechembe, anayesoma anadhani imeshikana pande zote mbili. O inaandikwa AB hivi hivi.

Mkata Mirija:
Wakuu, hii ni chai. Mara baba wa mwanafunzi, mara shemeji. Shule ya kata dawa za kupimia damu zimetoka wapi? Kama kweli wewe ni mwalimu, jibu hili bila kugugo: baba AS, mama AS, yaani kila mmoja kabeba jeni moja ya selimundu bila kuumwa, wawili wa kwanza wametoka wazima. Wa tatu ndiye atakuwa na selimundu?

Mwalimu wa Zamu:
Nimeshasema niliazima zahanati. Na jibu ni kwamba mimba hazipeani zamu. Kila moja inaanza upya: robo AA, nusu AS, robo SS, yaani mgonjwa. Wawili kutoka wazima hakumsaidii wa tatu wala hakumdhuru. Hata wangekuwa kumi.

Mkata Mirija:
Sawa mwalimu. Mke wangu ana miezi mitano.

Dada wa Maabara:
Kaka, wote mmepima mkaonekana AS?

Mkata Mirija:
Mimi nilipima. Yeye hajui, sijamwambia.

Dada wa Maabara:
Mwambie leo, na apime kliniki hiyo hiyo ya wajawazito. Akiwa AS, mtoto apimwe akizaliwa tu, msingoje avimbe vidole. Akikutwa nayo anaanzishiwa penisilini mapema, na hiyo inaokoa watoto wengi. Mwalimu, shemeji naye anapimwa upya lini?

Mwalimu wa Zamu:
Anakuja Jumatatu. Nimemwomba ajitolee kupimwa darasani, kwenye kigae, watoto wote waone. Ikitoka O au A, mambo yameisha hapo hapo.

Dada wa Maabara:
Na ikitoka AB tena? Mwalimu, si mbele ya watoto. Nenda naye kituo cha afya, damu ichukuliwe kwenye mshipa, ipimwe kwa mirija. Majibu apewe yeye mkononi.

Mwalimu wa Zamu:
Ameshapanda basi. Nitampokea stendi.