Naombeni ushauri: nimekataa kusimama kimya kuwakumbuka waliokufa vitani

Mjukuu wa Mpagazi (mleta uzi)
Habari zenu wakuu. Ninafanya kazi katika ofisi moja maeneo ya Posta, si mbali na Sanamu ya Askari. Kila tarehe 11 Novemba, ifikapo saa tano asubuhi, wafanyakazi wote husimama kimya kwa dakika mbili kuwakumbuka waliokufa vitani, kwa sababu wenye ofisi ni Waingereza. Mwaka jana sikushiriki. Baba wa babu yangu alichukuliwa kwa nguvu kuwa mpagazi katika Vita Kuu ya Kwanza, hakurudi, na kaburi lake hatulijui. Siwezi kuwapa heshima waliomchukua. Sasa nimetakiwa kujieleza, nina mke na watoto wawili, na usingizi umenipotea. Je, mtu anaweza kulazimishwa kusimama?

Mama wa Tabata
Mdogo wangu, pole. Mimi nilipofiwa na mume wangu, jirani alifungua muziki wakati jeneza linatolewa ndani. Hakuvunja sheria yoyote, na baadaye alisema hakujua. Miaka imepita, lakini nikikutana naye sokoni ninarudi palepale uani, siku ile ile. Sheria siijui, ninachokijua ni hicho.

Mwalimu Mstaafu
Ndugu mleta uzi, uchungu wako una msingi. Desturi hiyo ilianza 1919, Mfalme George wa Tano alipowaomba watu wa himaya yake wanyamaze saa ambayo mwaka uliotangulia mapigano yalisimama Ulaya. Huku kwetu vita vilikuwa havijaisha: von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, alisalimisha jeshi lake 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, kwa hiyo wapagazi walikuwa wangali na mizigo kichwani wakati Ulaya watu wanakumbatiana. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi, na jina Kariakoo limetokana na kikosi chao, Carrier Corps. Hata hivyo, maandishi yaliyo chini ya sanamu unayopita kila siku yanawataja wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nina swali moja. Umeandika kwamba "sikushiriki". Ulibaki umeketi, au ulifanya nini?

Mjukuu wa Mpagazi
Mwalimu, nilitoka nje. Walikuwa wameshaanza kunyamaza, nikaona kubaki pale ni unafiki, nikaondoka. Mlango wa ofisi yetu ni mzito na ulijibamiza, sikukusudia. Lakini jambo ninalouliza ni haki yangu ya kuchagua.

Bint Ilala
Kaka, kwetu Waislamu marehemu huombewa dua, na mimi mwenyewe nilisumbuka na jambo hili nilipoajiriwa. Niliamua kusimama na wenzangu huku nikiwarehemu moyoni. Hakuna aliyeniuliza ninasema nini ndani ya ule ukimya. Ila sijaelewa, ni nani aliyekushtaki? Mzungu hawezi kukaa na kinyongo cha mlango mwaka mzima.

Mjukuu wa Mpagazi
Hakuwa Mzungu. Ni mama mmoja wa uhasibu, ambaye baba yake alikufa Uganda mwaka 1979 akiwa askari wetu. Kwa ombi lake, uongozi ulikubali kwamba ukimya ule uwe pia kwa ajili ya waliokufa katika Vita vya Kagera, na hutangazwa kabla ya kuanza. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Lakini mnielewe: siku yenyewe imechaguliwa na wakoloni, na barua ya kuomba utaratibu huu ufutwe nimeshaiandika, bado kuipeleka tu.

Mama wa Tabata
Jambo hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo.

Kijana wa Mbagala
Wakuu, tunajibu hadithi ya kutungwa. Siku ya Mashujaa ya Tanzania ni 25 Julai, na miaka mingi watu wa Dar tumeiona ikiadhimishwa pale Mnazi Mmoja kwa ngao, mkuki, sime na mashada ya maua. Mtoto wa askari wa Kagera atamkumbukaje baba yake Novemba, pamoja na Waingereza? Mleta uzi anataka tugombane tu.

Mjukuu wa Mpagazi
Sijatunga. Kila Julai mama huyo huchukua likizo na kusafiri hadi Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya askari wetu. Aliomba ya Novemba ili kazini nako baba yake akumbukwe, maana Julai huwa hayupo.

Mwanajeshi Mstaafu
Mimi nilivuka Mto Kagera nikiwa kijana. Kusimama hakulazimishwi, na askari anayejua alichokipigania hatakulazimisha. Lakini waliokwishanyamaza hawakatizwi. Ungemweleza mkuu wako mapema, ukabaki chumba kingine, nani angekulaumu? Barua hiyo usiipeleke. Inawaondolea wengine uchaguzi ambao wewe unaudai.

Mjukuu wa Mpagazi
Afande, shikamoo. Barua nitaiacha kwenye droo kwanza, ingawa sijabadili mawazo kuhusu tarehe. Mama huyo hufika mapema, nitamwahi kesho kabla watu hawajajaa. Sijui nianzeje.

Mwalimu Mstaafu
Anza na mlango, umtake radhi. Kisha muulize baba yake aliitwa nani, na umtajie jina la babu yako.

Mjukuu wa Mpagazi
Mwalimu, jina lake kamili hatunalo. Tuna lile la nyumbani tu, alilokuwa akiitwa na mama yake. Nitamtajia hilo.