Tunaotengeneza sabuni, mafuta na singo Unguja na Pemba: tupeane uzoefu

Kifuu wa Bububu (mleta uzi)

Assalamu alaykum. Nyuzi za "sabuni za asili zinalipa" ni tele, na nyingi zinaishia kwenye semina ya kulipia. Hapa naomba walio ndani ya kazi tu: aliyekuna nazi, aliyetwanga mwani, aliyeuza hotelini akalipwa na ambaye hadi leo anadai. Mtaji, bei, vibali, mteja gani anarudi. Hamasa tunazo za kutosha.

Naanza mimi. Natengeneza mafuta ya nazi ya baridi, yasiyopikwa motoni, na sabuni za vipande. Nilianza na mbuzi ya kukunia, nazi za shamba la mama, na mzani. Mzani ndio nilioutolea pesa, na ndio nisiomwazima mtu. Sabuni haipimwi kwa kikombe jamani. Gramu 1,000 za mafuta ya nazi zinataka kama gramu 183 za kostiki soda ili yote yageuke sabuni. Mimi natia 174, asilimia 5 pungufu, ili mafuta kidogo yabaki na ngozi isikakamae. Hesabu hiyo ni ya nazi tupu. Ukitia mawese au zeituni inabadilika. Kostiki unaimimina ndani ya maji, usije ukamimina maji juu ya kostiki, na glavu na miwani viwe vimeshavaliwa. Sufuria za alumini ziacheni jikoni, kostiki inazila. Na ukienda dukani ukapewa magadi ukaambiwa "ni yale yale", rudisha.

Kesho yake naikata, halafu inakaa rafuni wiki 4 hadi 6. Hapo ndipo wengi wanapochoka, maana mzigo umejaa ndani na mfukoni hamna kitu.

Kilichonipa faida lakini si mapishi. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Jikoni kwangu yako maji mwaka mzima, ila ndani ya chumba chenye kiyoyozi yanakuwa meupe kama samli. Muuzaji wangu wa Mji Mkongwe alirudishiwa chupa na mgeni, eti yameharibika. Sasa lebo inasema: yakiganda, weka juani. Kingine, chupa ya mililita 250 siipeleki tena Mji Mkongwe. Mgeni mwenye begi la mkononi, viwanja vingi havimruhusu kupanda ndege na chupa inayozidi mililita 100, kwa hiyo anaishika, anaisifu, anairudisha. Ya 100 na vipande vya sabuni vinatoka. Ile ya 250 inanunuliwa hapa hapa mtaani na wasukaji nywele, na hao hawana msimu.

Haya, tiririkeni.

Mama Mwani, Jambiani

Waalaykumu salamu wanangu. Mimi kostiki siijui kwa gramu, kikundini yupo anayepima. Mimi ni mtu wa mwani. Ulipoletwa huku pwani ya mashariki mwaka 1989 nilikuwa kigoli, na nimeuvuna hadi magoti yanalalamika.

Zamani tulipanda aina mbili. Cottonii ndiyo yenye bei, lakini maji yakipata joto inageuka nyeupe na kukatika, ukirudi bamvua lijalo, maji yanapokupwa sana, unakuta kamba tupu. Tumebaki na spinosum, inayovumilia, na bei yake anapanga mnunuzi. Kilo nzima iliyokauka, ambayo mbichi yake nimeitoa majini kwa kichwa, haifiki bei ya kipande kimoja cha sabuni. Na ndani ya kipande hicho mna kijiko tu cha unga wa mwani! Siku nilipoipiga hesabu hiyo sikulala.

Kazi yenyewe haina siri. Mwani tunausuuza kwa maji baridi ya bomba mpaka chumvi iishe, kwani chumvi ikibaki sabuni haitoi povu. Tunauanika juu ya chanja, si mchangani. Tunautwanga, tunachekecha kwa kitambaa, kinachobaki juu kinarudi kinuni. Mchanga ndio adui mkubwa. Mtalii akikwaruzwa usoni mara moja, basi tena.

Kuhusu kikundi, nitasema moja. Vikundi vya wanawake havivunjwi na ukosefu wa soko, vinavunjwa na daftari la hesabu. Letu linasomwa mbele ya wote, hata mwenye kutoa harusi ya mwanawe siku hiyo anasubiriwa.

Makonyo wa Wete

Shikamoo mama. Wengine, habari zenu.

Watu wa Unguja wanadhani kila Mpemba ana mafuta ya karafuu uani. Karafuu kavu tunauzia ZSTC, shirika la biashara la serikali, ukiipitisha mlango wa nyuma ni magendo na utajuta. Mafuta yanakamuliwa kiwandani Wawi, Chake Chake, kutokana na makonyo, vile vikonyo vinavyobaki baada ya kuchambua. Ndiyo ninayotumia.

Sasa sikilizeni, maana haya sikufundishwa na mtu. Mafuta ya karafuu yakiingia kwenye sabuni, uji unashika hapo hapo. Unakoroga, mara mwiko umesimama wenyewe. Sababu ni yujenoli (eugenol), ndiyo karibu mafuta yote hayo. Kwa hiyo umbo liwe tayari mezani, mchanganyiko uwe umepoa, karafuu iingie mwisho, koroga kwa mkono bila mashine, mimina. Rangi itageuka kahawia, usihangaike nayo, iandike tu kwenye lebo kuwa ndiyo rangi yake.

Kwa mafuta ya kupaka yasiyooshwa, sizidishi nusu gramu kwenye gramu 100. Kuna wanaotia kijiko kizima ili "inukie vizuri", halafu mteja anaungua shingo na kuitangazia Pemba nzima.

Kichekesho ni kwamba sabuni ya karafuu Wete hainunuliki. Wanakwambia karafuu tumeinusa tangu tumboni, tutie na bafuni? Hapa nauza ya mchaichai na ya langilangi. Ya karafuu yote inapanda boti Mkoani kuja kwenu. Funga kwa karatasi ya nta ndani ya boksi, hewa ya bahari inailegeza.

Dogo wa Mwanakwerekwe

Nimeweka kambi hapa. Endeleeni wakubwa.

Bint Somo, Kikwajuni

Mama yangu ni somo, mwenye kumfunda na kumpamba biharusi, kaingiza maharusi wa mtaa huu na wa pili. Mimi nimeichukua kazi upande wa vitu vyenyewe: singo ya kusugulia mwili, liwa, udi, mafuta ya mwili. Wageni siwategemei kabisa, na nitawaambia kwa nini.

Familia ya biharusi inaagiza seti nzima na inalipa kabla. Haiulizi punguzo mbele za watu. Mwezi wa mlisho simu haitulii, kila mtu anataka kuoa kabla ya Ramadhani, halafu mfunguo mosi na mfunguo pili tunaanza tena. Hotelini unabembeleza, hapa unabembelezwa.

Singo ya biharusi naisaga mbichi: langilangi, asumini, mawaridi, mrehani, karafuu kidogo, liwa iliyosuguliwa jiweni kwa marashi. Inatumika siku zile zile. Ya dukani ni kitu kingine. Maua nayakausha kivulini, ukiyapeleka juani harufu yote inaondoka, nasaga, nafungasha kavu, na mnunuzi anaitia marashi mwenyewe nyumbani. Chochote chenye maji kisichotiwa kihifadhi kinaota ukungu, na kwa joto na unyevu wetu hakingoji. Jirani yangu alijaza singo mbichi kwenye vikopo vizuri vya kioo, ukili juu, kamba ya katani, picha zikapendeza mno. Kufika Paje, kijani.

Na liwa jamani. Kila unga wa rangi ya manjano unaonukia siku hizi unaitwa liwa. Ya kweli ni mti, ni ghali, na harufu yake haikimbilii puani. Ukiuza ya uongo, bibi wa biharusi atakujua kabla hujafungua mdomo.

Kaka wa Temeke

Habari za visiwani. Nataka kuchukua mzigo niuze Dar. Swali la kwanza la wateja wangu ni moja tu: inang'arisha? La pili, vibali vyenu huku vinatosha?

Lebo Kwanza, Mjini

Kaka, nijibu mimi, maana nimepita ofisi zote hizo.

La kung'arisha: hapana. Zebaki na haidrokwinoni ni marufuku kwenye vipodozi, na zisizo marufuku hazimng'arishi mtu kwa wiki kama wanavyotaka wateja wako. Ukimuahidi mteja hivyo kwa jina la bidhaa yangu, mzigo haupandi boti.

La vibali: huku vipodozi viko chini ya ZFDA, wakala wa chakula na dawa, kwa sheria ya mwaka 2006, alama ya ubora ni ZBS, taasisi ya viwango, jina la biashara linasajiliwa BPRA, wakala wa usajili. Bara, vipodozi vimekuwa chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019 vilipotolewa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati huo. Waulize TBS kabla hujapakia, si baada ya kufika bandarini.

Kwa wanaoanza: lebo iwe na viambato vyote, uzito, nambari ya toleo, tarehe za kutengenezwa na kuisha, na mahali ulipo. Msiandike "inatibu chunusi" wala "inaondoa fangasi". Ukidai tiba umejipeleka kwenye mlango wa dawa, na mlango huo mtaji wa mbuzi ya nazi haupiti. Andika inasafisha, inalainisha, inanukia. Inatosha, na ni kweli.

Pwani ya Nungwi

Mimi nilingoja mtu ataje mali kauli, mzigo kwanza pesa baadaye. Hoteli moja huku nilikuwa nawapelekea vipande vidogo vya vyumbani. Mwanzo walilipa. Meneja akabadilika, mpya akasema hakuna karatasi, na kweli yule wa kwanza alikuwa anapokea kwa salamu tu. Pesa yangu imekaa huko hadi leo.

Sasa mzigo unatoka na hati nakala mbili, sahihi na muhuri, nusu mkononi. Wengine wananuna. Na nimehama vyumbani, huko wanabana mpaka shilingi ya mwisho, nauza sehemu za masaji. Kule mgeni keshapakwa, keshalegea, anauliza mwenyewe ni mafuta gani haya. Masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi zinafunga au zinabaki na wageni wachache, kwa hiyo Machi sipiki sabuni nyingi. Bint Somo kanipa wazo hapo juu, shoga nitakutafuta faraghani.

Bint Somo, Kikwajuni

Karibu. Lakini ya mlisho nimeshaijaza.

Kifuu wa Bububu (mleta uzi)

Shukrani wote. Mama Mwani, unga uliochekechwa mnauza kilo shilingi ngapi? Nataka kuujaribu kwenye sabuni yangu ya nazi.

Mama Mwani, Jambiani

Bei tutaongea ukifika mwanangu, hapa watu wanasoma. Usije bamvua, utakuta nyumba tupu, wote tuko majini. Njoo maji mafu, na uje na ndoo yako yenye kifuniko.