Mstari wa kalamu darasani: mchwa wa Luwero, Uganda, hawaufuati. Tatizo ni wino au mchwa?

mwalimu_bio
Habari zenu. Kwenye mada ya mawasiliano ya wadudu kuna onyesho maarufu: unachora mstari wa kalamu ya bluu kwenye karatasi, unamweka mchwa, anaufuata. Mchwa wa vichuguu vikubwa vya huku wanaukata mstari na kwenda zao, hata kalamu ikibadilishwa. Nini kinakosekana?

mdudu_makini
Vyote viwili, mwalimu. Wino wa baadhi ya kalamu una kiyeyusho kiitwacho fenoksiethanoli, na kwa bahati tu Reticulitermes wanakichukulia kama harufu ya njia yao. Hao ni mchwa wa Amerika ya Kaskazini na Ulaya, Uganda hawapo kiasili. Kalamu za jeli mara nyingi hazina kabisa kiyeyusho hicho.

Harufu halisi hutoka kwenye tezi iliyo chini ya tumbo la mfanyakazi. Kwa jamii ya Macrotermes, wajenzi wa vichuguu vikubwa, iko pingili ya tano. Akitembea huku akigusisha tumbo chini, anaacha harufu hiyo, na wa nyuma yake, ambaye ni kipofu, anaisoma kwa vipapasio. Kemikali hutofautiana kwa aina ya mchwa: Pseudacanthotermes spiniger hutumia dodekatrienoli, lakini Trinervitermes, wale wala nyasi wenye askari wa pua ndefu, hutumia neosembreni. Kwa hiyo tengeneza wino kutoka kwa mchwa wa kichuguu kile kile utakachopima.

Kata matumbo ya wafanyakazi 20, yaloweke kwenye mililita 1 ya heksani (kiyeyusho kinachokauka haraka na kushika moto upesi) kwa dakika 10 hadi 15, kisha mimina kimiminika hicho pembeni bila mashapo. Usitie vichwa, na usitie askari hata mmoja: majimaji yao ya kujihami huleta taharuki na wafanyakazi hawatafuata chochote. Vuta mililita 0.05 kwa sindano ya insulini na uchore nayo sentimita 20. Hicho ni kiasi cha tumbo la mchwa mmoja. Subiri heksani ikauke. Fanyeni dirisha likiwa wazi, mbali na moto, na kemikali aishike mwalimu, si watoto.

nswa_na_mvua
Nakubaliana, ila naongeza panapoharibika zaidi.

Usichore mstari ulionyooka. Mchwa hupenda kwenda moja kwa moja au kufuata ukingo wa karatasi, na utadhani amefuata harufu. Chora S. Pembeni chora S nyingine ya heksani tupu. Bila hiyo hujathibitisha kitu.

Badilisha karatasi kila jaribio, maana mchwa wa kwanza naye ameacha harufu yake. Hili ndilo walimu wengi hulisahau.

Na usidhani ukizidisha wino huo wa mchwa utapata matokeo bora. Kiasi cha chini ya sehemu moja ya bilioni ya gramu kwa sentimita kinatosha. Ukizidisha, wanasita na kuzungukazunguka. Ukiona hivyo, punguza nguvu mara kumi kwa heksani, urudie.

Mchwa wakae kwanza kwenye kisahani chenye pamba iliyoloweshwa maji, gizani. Wakianza kukauka hawana habari na njia.

fundi_paa
Samahani kuingilia, mwalimu. Kama njia ni harufu, mbona nikikwangua vile vijia vya udongo ukutani wanarudi pale pale?

mdudu_makini
Ndugu fundi, umeondoa paa la njia, sakafu yake imebaki na harufu. Kusugua kwa maji ya sabuni kutawachelewesha, basi. Wapelelezi watatoka tena, na yeyote atakayepata mbao atarudi akikandamiza tumbo zaidi, wenzake wamfuate nao waongeze harufu. Kata njia yenyewe: nguzo isiguse udongo, iwekwe juu ya zege linaloonekana pande zote ili kijia kipya kisijifiche. Ukitumia dawa, chagua inayoua polepole na isiyowafukuza, kama fipronili, ili mfanyakazi aibebe mpaka kwa wenzake. Inayoua papo hapo huacha maiti njiani, nao hujenga kijia kingine kando.

nswa_na_mvua
Na ule mdundo unaosikika ukibomoa kichuguu si harufu, fundi. Ni askari wanagonga vichwa chini kutoa tahadhari. Mwalimu, hilo nalo linafaa darasani: weka sikio kwenye udongo na huhitaji heksani.