Niko Kigoma nataka kuanza kukusanya kadi za wachezaji, naanzia wapi?

mtoto_wa_mwanga
Mwakeye wadau. Kuna mshkaji wangu tulikua tunacheza nae basketi zamani, alikua kambini Nyarugusu, familia yao ikachukuliwa Marekani. Sasa mwezi uliopita kampa mzigo mtu aliyekua anakuja huku, viatu na pakiti tatu za kadi za wachezaji wa NBA. Mwanzo nilidhani ni karata. Nikachana moja nikakuta kadi inang'aa ukiigeuza juani, nyuma ina takwimu zote za mchezaji, nikachana na zingine palepale nimesimama mlangoni, toka siku hiyo akili haijatulia.

Nataka nianze kabisa. Naweza kutenga kama elfu 40 kwa mwezi haizidi hapo, wife ameshauliza mara mbili. Ninunue pakiti au vipi, maana Mwanga nimezunguka madukani hamna kitu? Halafu huu unyevu wa ziwa, masika vitabu vyangu vinajikunja vyote, kadi si zitaoza? Na je zinalipa, nimeona mtandaoni kuna kadi iliuzwa dola milioni 12 nikajua nimesoma vibaya.

dagaa_wa_usiku
Elfu 40 unanunua picha ya mtu ambae hata hakujui 😂 si uiweke kwenye dagaa upeleke Dar

unyanyembe_mkimya
Mwangaluka. Mwacheni jamaa, kila mtu na ugonjwa wake. Mi niko Tabora mwaka wa nne huu nakusanya.

Hukusoma vibaya mkuu. Ile ni kadi ya kampuni ya Topps ya 1952 ya Mickey Mantle, mcheza besiboli, iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Lakini jua kwanini ina bei hiyo. Yule mtu wa Topps aliyezibuni, Sy Berger, alisimulia mwenyewe kwamba zilidoda stoo, hakuna anayezitaka hata kwa bure, mwaka 1960 wakazipakia kwenye tishari wakaenda kuzimwaga baharini, ndo maana zilizobaki ni chache. Sasa we za kwako nani atazimwaga? Miaka ya mwisho ya 80 na mwanzo wa 90 viwanda vilichapa kadi nyingi mno, watu wakaziweka kabatini wakisubiri utajiri, mpaka leo nyingi hazifiki hata bei ya soda. Kwahiyo ukiingia kwa ajili ya hela, msikilize huyo wa dagaa.

Kuhusu pakiti, achana nazo. Pakiti ni kamari, unachana kumi unapata watu usiowajua. Nunua kadi mojamoja ya mtu unayemtaka, unajua unacholipia. Na kwa Mtanzania sehemu ya kuanzia ipo wazi kabisa, Hasheem Thabeet. Alichaguliwa namba 2 kwenye drafti ya NBA (pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu) mwaka 2009 na timu ya Memphis Grizzlies. Namba 3 alikua James Harden, namba 7 Stephen Curry, yani Curry aliachwa wakachukua wa kwetu! Kadi za rooki (za msimu wa kwanza wa mchezaji) za Curry huzigusi na hiyo elfu 40, ila za Hasheem za msimu huohuo, za kawaida zisizo na sahihi ya mchezaji, ni dola chache tu. Kinachouma ni usafiri, unaweza kuzidi kadi yenyewe, ndo maana unamwambia huyo mshkaji wako anunue, azikusanye kwake, amkabidhi mtu anayekuja.

Kingine cha kuchekesha, kadi hizi zamani zilikua zinawekwa kwenye pakiti za sigara ili pakiti isibonyee. Ile ya Honus Wagner, mcheza besiboli wa zamani, inayosakwa na dunia nzima ni ya sigara, ilitoka 1909. Babu yangu kalima tumbaku Urambo maisha yake yote, nilivyomwambia akasema basi na mimi nadai mgao.

mtoto_wa_mwanga
Hahaha babu apewe chake. Hasheem sikumuwaza kabisa aisee. Na unyevu je?

unyanyembe_mkimya
Kila kadi ivae mfuko wake laini wa plastiki, zile nzuri ziingie tena kwenye plastiki ngumu (wenyewe wanaita toploda). Halafu kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, ndani utupie vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, usivitupe. Albamu za picha za harusi zile zenye gundi USIWEKE, kadi haitoki nzima. Rababendi nazo hapana, zinakata kingo. Kwako adui ni unyevu, huku kwangu ni mchwa, walishanilia boksi la karatasi lote.

kona_ya_ujiji
Niongezee kidogo, kuwa makini na feki. Mi nililizwa na jamaa mmoja mtandaoni, ananiuzia Messi ya rooki, ile ya kampuni ya Panini, toleo la Megacracks 2004-05 namba 71, kwa laki na nusu. Nikajiona nimeokota almasi. Ilivyofika naiweka pembeni ya kadi nyingine ya kweli, nyembamba, maandishi yamefifia kingo kama fotokopi. Kadi ya kawaida ni sentimita 6.4 kwa 8.9, beba rula. Na ukiona bei ni ya kutupa jiulize kwanini mwenye nayo hajaipeleka PSA, kampuni inayokagua kadi, wakamwekea gredi, wale wanapima moja mpaka kumi, kumi ndo haina kasoro. We mwenyewe kwa sasa usihangaike na gredi, ada yake tu inanunua Hasheem kadhaa.

dagaa_wa_usiku
Swali, hivyo vya Hasheem vinapatikana kweli kwa dola chache? Naulizia tu

unyanyembe_mkimya
😂😂 Vinapatikana. Nina mbili zinazofanana za Grizzlies, moja nilishapanga kumpa mtoa mada. Mkuu nitumie namba inboksi, kuna ndugu yangu anapanda treni ya Kigoma wiki ijayo, nitampa iko ndani ya toploda, aifiche kwenye daftari.

mtoto_wa_mwanga
Nimekutumia. Babu nitamrudishia na mawese lita tano.