Mjadala: Mfungwa atoke akafanye kazi ya mshahara mchana, arudi jela usiku? Na nani wa kumsimamia?

MAALIM WA MKOMANI

Assalam aleikum wana wa Lamu, na ndugu zetu wa Malindi. Swali hili limezungumzwa barazani kwetu hadi kahawa ikapoa, na kila mtu ana lake. Naliweka hapa tujadiliane kwa adabu.

Tulicho nacho sasa hapa Kenya ni kifungo cha nje. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inampa hakimu ruhusa, kwa kosa ambalo adhabu yake haizidi miaka 3, au ambalo yeye anaona miaka 3 kushuka chini yatosha, amwache mtu alale kwake na mchana afanye kazi ya umma bila malipo: barabara, miti, maji, ukarabati wa shule na hospitali. Wanaotaka tusogee mbele wanasema mfungwa aliye ndani, aliyebakisha muda mdogo, atolewe asubuhi aende kazi ya kulipwa na jioni arudi. Huko Marekani, jimbo la Wisconsin lilianza hivyo mwaka 1913 kwa sheria iliyobeba jina la Huber aliyeitetea: mfungwa anatoka kwenda kazini, gharama za kumweka zinakatwa katika mshahara, na wanaomtegemea nyumbani wanapata fungu lao.

Mimi naunga mkono. Ila nina sharti moja nisilolilegeza: anayefaidika na jasho la mfungwa asiwe ndiye anayeshika kalamu ya kumwandikia siku.

Nasema hivi kwa kuwa kalamu hiyo nimeishika. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na kwa miaka sita mahakama ilikuwa ikiniletea watu wa kifungo cha nje. Afisa wa probesheni, anayewafuatilia waliohukumiwa kutumikia nje, ana visiwa na bara, anazunguka kwa boti na bodaboda, hawezi kuwa kila mahali. Basi msimamizi wa kila siku anakuwa mwalimu, au daktari wa zahanati, au chifu. Hakuna posho wala mafunzo. Unapewa fomu, unaambiwa utie sahihi.

Aliletwa kijana aliyeiba jerikeni mbili za petroli ya mashine ya boti. Juma la kwanza alikuja saa moja kamili, akafyeka nyasi, akazibua mtaro wa nyuma ya madarasa. Juma la pili alikuja na kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, hasemi. Nikampa chepe. Alipoupokea mpini niliangalia mkono wake. Yule mwenye hukumu alikuwa na kovu la mshipi kwenye kidole cha shahada, limezama kama lililochorwa kwa kisu. Mkono huu ulikuwa laini. Alikuwa ni mdogo wake. Mwenyewe ameingia baharini, maana bamvua, yale maji makubwa ya kuvulia, imeanza na nyumbani hakuna unga wa kupika.

Nilikataa kutia sahihi siku ile. Kanuni ilikuwa wazi: niripoti, arudishwe kwa hakimu, aende ndani. Nikampigia simu afisa kwanza, nikamweleza yote. Yule mama aliniuliza swali moja tu: "Maalim, maji mafu yanaanza lini?" Siku za kijana zikapangwa upya. Bamvua ikiingia yuko baharini, maji mafu yakija, yanapopanda na kushuka kidogo tu, yuko kwangu na chepe, na Jumamosi anafidia. Alimaliza siku zake zote. Mdogo wake nilimrudisha darasa la saba alikokuwa amekwisha kutoroka.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka huohuo nilipita kwenye nyumba ya zamani inayogeuzwa ya kulaza wageni. Nikawakuta wanaume wawili ninaowajua, wa kifungo cha nje, wanashusha mawe ya matumbawe kutoka kwenye punda na kupandisha boriti ghorofani. Fomu zao ziliandikwa kuwa wako kwenye usafi wa mitaro ya mji. Aliyetia sahihi alikuwa na ndugu yake ndani ya kandarasi ile. Hakuna hata mmoja wa wale wawili aliyethubutu kusema, kwani akisema anaandikwa mtoro.

Ndiyo maana naogopa kazi ya mshahara ikija bila msimamizi huru. Karibuni.

MAMA WA LANGONI

Maalim, sabalkheri. Mimi ni mama ninayeshona. Walivunja wakachukua cherehani yangu na mtungi wa gesi. Mwizi akapatikana, akapewa kifungo cha nje, akafagia. Nilikuwa nampita kila asubuhi nikienda sokoni, anafagia mbele ya ofisi ya serikali. Nikajiuliza, huyu kaiibia serikali au kaniibia mimi? Miezi minne nilishona kwa cherehani ya kukodi.

Nyote hapo mnazungumza mfungwa na familia ya mfungwa. Familia yangu je? Kama atalipwa, shilingi ya kwanza ije kwangu. La sivyo abaki ndani, mimi sina huruma ya kugawa.

MSTAAFU WA MAGEREZA

Nimevaa sare miaka mingi, na nitasema mambo ya lango, maana nyinyi mnaongea ya mahakamani.

La kwanza ni masafa. Zamani jela ya Lamu ilikuwa Ngomeni, pale katikati ya mji, hadi 1984. Mtu angetoka lango lile akafika kazini kwa dakika tano. Leo gereza liko Hindi, bara. Mfungwa wa kufanya kazi kisiwani atahitaji gari hadi Mokowe, kisha boti, na jioni vivyo hivyo. Nauli atalipa nani? Upepo wa kusi ukichafua bahari na boti zikakataa kuvuka, kiongozi wa zamu ataandika nini kwenye hesabu ya jioni? Anayekosekana ni mtoro, na askari aliyemtoa anaitwa kujieleza. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

La pili ni upekuzi. Mtu akitoka na kuingia kila siku, wenzake wa ndani watamtuma. Tumbaku, bangi, laini ya simu. Akikataa anapigwa usiku. Hao wa kutoka lazima walale banda lao peke yao, na gereza dogo halina banda la ziada.

La tatu, na hapa namuunga mkono Maalim. Mfungwa mwenye tabia njema anapunguziwa thuluthi moja ya kifungo chake. Kitu hicho anakithamini kuliko pesa, nimewaona wakihesabu siku kwa mkaa ukutani. Ukichukua wale waliobakisha miezi michache na thuluthi yao iko salama, hawatatoroka. Atoroke aende wapi, apoteze yote? Tatizo nililoliona mimi ni siku ya kutoka. Mtu anafungua lango na malipo yake ya kazi ya gerezani, malipo yanayohesabiwa kwa senti kwa siku. Jioni yake ya kwanza hana nauli ya kufika kwao. Wengine niliwaona tena kabla mwaka haujaisha, kwa kosa lilelile.

MVUVI WA SHELA

Hilo la bamvua lisipite hivihivi. Mnakumbuka baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, 2014, tulipowekewa marufuku ya kutotoka usiku? Waliotunga saa zile hawakuwauliza wavuvi. Saa za kazi zikiandikwa na mtu asiyejua maji, mvuvi ataonekana mkaidi kila mara. Nimemaliza.

KIJANA WA MALINDI

Shikamooni wazee. Mimi nipo Malindi, najitolea na vijana wanaoacha unga, yaani heroini. Kwetu wengi wanaofikishwa mahakamani kwa wizi mdogo, kuku, simu, vyuma chakavu, ni watu wa unga. Tangu 2015 tuna kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, hospitalini. Dawa ile hupewi ukaenda nayo nyumbani hivihivi, unakuja mwenyewe kila siku unainywa mbele ya muuguzi. Sasa mtu anaambiwa afike kwenye kazi ya umma saa mbili, na foleni ya dawa haijaisha. Achague nini? Akikosa dozi atatetemeka na kutapika, ataiba. Akichelewa kazini anaandikwa vibaya. Nilimsindikiza mmoja, nikamwomba msimamizi wake amruhusu aanze saa nne. Akaniambia, "Mimi si daktari." Ni kweli si daktari, lakini kusogeza saa hakuhitaji udaktari.

Na kuhusu mshahara, Malindi kazi ni hoteli. Hoteli nyingi zinafunga mvua za masika zikianza, kuanzia Aprili hadi karibu Julai. Mfungwa aliyeajiriwa Desemba, Mei atakuwa wapi? Atarudishwa selo mchana kutwa bila kosa lolote? Hilo lazima liandikwe kabla, lisiachwe kwa huruma ya mkubwa wa siku ile.

KARANI WA SHERIA

Naomba niweke mambo mawili ya sheria, kisha niwaachie.

Sheria ya 1998 inasema kazi ya umma isiyolipwa. Kwa hivyo yale mawe ya matumbawe aliyoyaona Maalim hayakuwa adhabu, ilikuwa ni wizi wa nguvu za watu. Wale wawili walikuwa na haki ya kwenda kwa hakimu aliyewahukumu.

Pili, Kenya ni mwanachama wa Mkataba nambari 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unaokataza kazi ya lazima. Mkataba ule unakubali kazi ya mfungwa kwa masharti mawili: aliyehukumiwa asimamiwe na mamlaka ya umma, na asikodishwe wala kuwekwa chini ya mtu binafsi au kampuni. Hoteli na makandarasi ni watu binafsi. Mlango pekee ni mfungwa mwenyewe aridhie kwa hiari, na alipwe karibu na anavyolipwa mfanyakazi huru. Mkimpa nusu ya mshahara kwa sababu ni mfungwa, mmerudi kwenye kile kinachokatazwa, na vibarua wa mji watakosa kazi kwa kuwa mfungwa ni rahisi.

MAMA WA LANGONI

Hapo kwa vibarua umesema kweli. Mwanangu ni mpagazi hapo gatini.

MAALIM WA MKOMANI

Nimewasoma wote, wengine mara mbili.

Mstaafu, kuhusu masafa umenishinda. Nilikuwa nafikiria kisiwa, nikasahau kuwa lango liko Hindi. Basi kwa Lamu kazi hizi zianzie bara, Hindi na Mokowe, mahali ambapo mtu anaweza kwenda na kurudi bila kupanda boti. Mfungwa wa kisiwani aliyebakisha muda mdogo, afadhali hakimu amgeuzie kilichobaki kiwe kifungo cha nje alale kwake, kuliko kumvusha maji mara mbili kwa siku.

Kijana wa Malindi, yule msimamizi aliyesema si daktari ananiuma kwa sababu nami ningeweza kusema hivyo siku ile. Ningesema mimi si mvuvi. Kilichoniokoa ni kwamba nimezaliwa hapa, najua bamvua na maji mafu. Mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali angejuaje? Kwa hiyo naongeza jambo kwenye sharti langu. Kabla mtu hajaanza siku yake ya kwanza, afisa, msimamizi na mwenye hukumu wakae pamoja waandike saa zake: anavua lini, anakunywa dawa lini, anamuuguza nani. Karatasi moja, nakala tatu. Ripoti ya afisa wa probesheni inayopelekwa kwa hakimu kabla ya hukumu ina mengi ya hayo tayari, lakini mimi katika miaka sita sikuonyeshwa hata moja. Nilipewa jina na idadi ya saa.

Karani, ahsante sana kwa ule mkataba. Nilikuwa na hoja yangu kwa uchungu wa moyo tu, sasa nina pa kuiegemeza. Mamlaka ya umma ndiyo isimamie: mwenye hoteli aandike saa alizofanya mtu, lakini atakayezihakiki na kutia sahihi ya mwisho awe afisa anayekuja bila kubisha hodi, na mshahara uonekane kwenye karatasi ambayo mfungwa naye anayo mkononi.

Sasa Bi wa Langoni. Uliponiuliza kuhusu familia yako nilinyamaza siku nzima, kwani katika barua yangu yote ya mwanzo sikumtaja aliyeibiwa hata mara moja, na yule mwenye jerikeni aliyeibiwa petroli namjua, tunaswali naye. Hakimu ana uwezo wa kuamuru fidia, sheria inampa. Lakini mtu asiye na kipato atalipa nini? Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kumtaka mfungwa alipwe. Shilingi ya kwanza kuja kwako, nakubali, ila nakuomba ya pili iende kwa watoto wake, wasije wakavunja dirisha lako tena kwa njaa.

MAMA WA LANGONI

Ya pili iende. Ya kwanza iandikwe.

MAALIM WA MKOMANI

Itaandikwa. Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, inayowakutanisha mahakama, magereza na wananchi, inakaa, na raia anaruhusiwa kupeleka neno. Nitapita dukani kwako kesho baada ya alasiri na daftari. Uniambie bei ya cherehani, bei ya mtungi, na kodi ya ile miezi minne. Nataka hesabu yako iwe ukurasa wa kwanza, kabla ya maneno yangu yoyote. Mstaafu, nawe ukiweza kuja, tunahitaji mtu wa kueleza lango.